Jinsi nilivyotibu njano ya mkamkwati wangu wa ndoo

Kamkwati ni ndugu wa chungwa, tunda dogo linaloliwa na ganda lake: ganda tamu, ndani kukali. Wangu uko barazani hapa Entebbe. Mvua za masika zilipokolea, majani machanga yakawa njano, mishipa ikabaki kijani.

Mama jirani akanishauri nimwagie jivu. Nikamshukuru, nikaacha. Jivu huondoa asidi kwenye udongo, na jamii ya michungwa ikikosa asidi hushindwa kufyonza madini ya chuma. Njano ingezidi.

Nikaupindua mti kutoka kwenye ndoo. Mizizi ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, ukiivuta ngozi yake inavuka na kubaki vidoleni, na inanuka uvundo. Udongo mwekundu uliotoka nao kitaluni ulikuwa umeshikamana kama tofali bichi. Mizizi ilikosa hewa. Mbolea isingesaidia chochote.

Nikakata iliyooza, nikapanda upya kwa udongo wa juu, mchanga wa chengachenga na makapi ya kahawa yaliyokwisha kuoza (mabichi huunyang'anya mti naitrojeni). Ndoo ni ileile, ila nimeongeza matundu kwa msumari wa moto na kuiinua juu ya matofali. Kovu la kuunganishia mche, pale kikonyo kilipopachikwa kwenye shina la mti mwingine, nimeliacha juu ya udongo.

Sasa namwagilia kidole kikizama na kukuta pakavu tu. Majani yaliyoathirika sana yalipukutika, sikuyasikitikia. Machipukizi yametoka kijani kibichi, na maua yameanza.