Sampuli Ikae Siku Saba

Kila mteja anayeniagiza mapazia au vitambaa vya viti kwa mara ya kwanza hukutana na sharti ambalo hakulitarajia: kabla sijatia mkasi kwenye jora, sampuli ya kitambaa chake itakaa nyumbani kwake kwa siku saba, ikiwa imetundikwa pale pale ambapo kazi yenyewe itakaa. Sampuli hiyo si kile kipande cha ukubwa wa kiganja kinachobandikwa kwenye vitabu vya wauza vitambaa, bali ni mita nzima, yenye mchoro wake kamili na rangi zake zote. Namwomba aitazame asubuhi, adhuhuri, jua linapozama na usiku baada ya taa kuwashwa, kisha aandike anachokiona, hata kama ni maneno mawili tu. Wapo wanaoona kuwa nawapotezea muda. Mimi naamini kuwa siku hizo saba zinastahili jina la ubunifu kuliko saa nyingi ninazokaa mezani na kalamu, kwa sababu kitambaa cha nyumbani hakina maisha nje ya chumba kilichokusudiwa.

Sharti hilo lilizaliwa na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wa pili wa biashara hii, mama mmoja aliniagiza mapazia ya sebule yake, akaniambia anataka kijani cha upande wa chini wa jani, kile chenye kijivu ndani yake. Nilifurahi mno, kwa kuwa ni mara chache mteja kuitaja rangi kwa uangalifu wa namna hiyo. Nilichora matawi yaliyolala kimshazari, nikachanganya rangi kwa siku nyingi hadi nikapata kijani mbili zilizokaribiana, moja ya majani na nyingine ya usuli, na tukakubaliana mchana, kwenye meza yangu iliyo karibu na dirisha. Mapazia yalishonwa, yakatundikwa asubuhi, nami nikaondoka nikiwa na furaha. Usiku huohuo alinipigia simu. "Fundi, njoo uone mwenyewe," alisema, "haya si yale tuliyokubaliana."

Nilifika saa moja usiku. Sebule ilikuwa na taa mbili za mwanga wa njano, na chini ya mwanga huo kijani changu kilikuwa kimetoweka. Majani na usuli vilikuwa vimemezana vikawa rangi moja, kama tope lililoanza kukauka, na yale matawi niliyoyachora kwa wiki tatu hayakuonekana hata kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka dirishani. Yule mama hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba yeye hutoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, hivyo mapazia yake atayaona usiku karibu siku zote. Hilo sikuwahi kumwuliza. Niliyashusha mwenyewe, nikatengeneza mengine kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo swali la kwanza ninalomwuliza mteja halihusu rangi anayoipenda, bali saa anazokaa ndani ya chumba chake.

Sababu ya jambo hili inafahamika vizuri. Rangi ya kitambaa si mali ya kitambaa peke yake, kwani jicho huona mwanga ule tu ambao kitambaa kimeurudisha. Mwanga wa mchana hupimwa kuwa karibu Kelvin 6,500, kizio cha joto la rangi ya mwanga, na umejaa buluu, ilhali taa za nyumbani zenye joto la rangi la Kelvin 2,700 zina buluu kidogo sana na njano na nyekundu nyingi. Kijani yenye kijivu hutegemea ile buluu ili ionekane kuwa kijani, na buluu ikipungua, kijivu ndicho kinachobaki na kugeuka kahawia. Jambo gumu zaidi ni kwamba vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti za rangi vinaweza kulingana kabisa mchana na kuachana usiku, hata kama mtu aliyevilinganisha ana jicho la miaka mingi. Ndiyo maana mto wa pamba uliochaguliwa ufanane na kiti cha sufu huweza kumsaliti mwenye nyumba mara tu taa zinapowashwa. Kwenye karakana yangu sasa kuna taa za aina tatu juu ya meza moja, na hakuna rangi ninayoikubali kabla haijapita chini ya zote tatu. Hata hivyo taa zangu si taa za mteja, na ukuta wangu mweupe si ukuta wake.

Mfano ninaourudia kila ninapofikiria kazi hii ni wa Anni Albers, mfumaji aliyesomea Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu huko Ujerumani. Kazi aliyopatia diploma yake mwaka 1930 ilikuwa kitambaa cha ukuta kwa ajili ya ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi mjini Bernau, karibu na Berlin. Ukumbi ulihitaji kupunguziwa mwangwi na kuongezewa mwanga, naye akafuma kitambaa chenye pande mbili za kazi tofauti: upande mmoja ulinyonya sauti, na upande wa pili, uliofumwa kwa selofani, uliakisi mwanga. Hakuanza na ua wala mstari. Alianza na kasoro ya chumba, na uzuri ukatoka humo. Sijawahi kufanya kazi ya kiwango hicho, lakini ninapokwama mezani huwa narudi kwenye swali lilelile: chumba hiki kinakosa nini ambacho kitambaa kinaweza kukipa?

Mara nyingi jibu huanzia kwenye vipimo. Watu hudhani kwamba mbunifu huchora kwanza, halafu fundi akapima. Kwangu mimi kipimo hutangulia, kwa kuwa mchoro unaojirudia una urefu wake, na urefu huo ama unakubaliana na dirisha ama unapoteza kitambaa. Chukua dirisha lenye upana wa sentimita 180, ambalo mapazia yake yatashuka sentimita 230. Ili pazia liwe na mikunjo ya kutosha, kitambaa kinapaswa kuwa na upana angalau mara mbili ya ule wa dirisha, na kwa jora la upana wa sentimita 140 hilo linamaanisha vipande vitatu, yaani kimoja na nusu kila upande, ile nusu ikikaa nje karibu na ukuta ili mshono usionekane. Nikiongeza sentimita 25 za pindo la chini na la juu, kila kipande kinahitaji sentimita 255. Sasa, kama mchoro wangu unajirudia kila baada ya sentimita 72, siwezi kukata 255; lazima nikate marudio manne kamili, yaani sentimita 288, ili maua ya kipande kimoja yakutane na maua ya kipande cha jirani kwenye kimo kilekile. Sentimita 33 za kila kipande zinakwenda kwenye kapu la mabaki, na kwa vipande vitatu ni karibu mita nzima ya kitambaa kilichotiwa rangi kwa jasho.

Hapa ndipo kazi ya oda inapokuwa na nguvu ambayo duka halina. Kwa kuwa mchoro ni wangu, nikiupunguza kwa sehemu moja ya tisa, marudio yanakuwa sentimita 64, na marudio manne yanatoa sentimita 256, ziada ya sentimita moja tu. Mteja hatatambua kwamba ua limepungua kwa upana wa ukucha. Atakachokitambua, bila kujua sababu yake, ni kwamba ua zima limekaa juu kabisa na jingine zima limekaa chini kabisa, na hakuna hata moja lililokatwa shingo. Napenda hesabu hizi kuliko ninavyoweza kueleza. Kuna utulivu unaoingia chumbani pale mchoro unapokuwa umezaliwa na dirisha lenyewe, nami nimeuona mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba si mawazo yangu tu.

Kitambaa nacho kina tabia zake, na mbunifu asiyezijua huadhibiwa nazo. Pamba na kitani ambazo hazijatibiwa hunywea zikifuliwa; asilimia 3 tu ya pazia la sentimita 255 ni zaidi ya sentimita 7, na pazia lililokuwa likigusa sakafu linageuka kuwa suruali fupi. Kwa hiyo kitambaa kinachofulika hukifua kabla ya kukikata. Hariri hudhoofishwa na jua hadi ikachanika kwa kuguswa, na ndiyo maana silitundiki dirishani pazia la hariri lisilo na bitana. Majora mawili ya kitambaa cha rangi moja yanaweza kutoka katika mikupuo miwili ya kutia rangi na yakatofautiana kidogo, tofauti ambayo haionekani mezani lakini inapiga kelele yakiwekwa bega kwa bega. Basi hununua kitambaa chote cha kazi moja kutoka mkupuo mmoja, na zaidi kidogo.

Mahameli yanahitaji maneno yake. Pitisha kiganja juu ya mahameli kuelekea chini, utahisi manyoya yake mafupi yakilala, na rangi itang'aa na kufifia. Pitisha kiganja kuelekea juu, manyoya yatasimama, na rangi ileile itakuwa nzito na yenye kina kama maji ya kisima. Ni kitambaa kimoja chenye rangi mbili kutegemea unasimama upande gani. Kwa hiyo kila kipande lazima kikatwe kikielekea upande mmoja, na mimi huchora mshale wa chaki mgongoni mwa kila kipande kabla ya kuinua mkasi. Niliwahi kumkabidhi fundi mpya mito sita bila kumwonyesha mishale hiyo, na miwili ikatoka ikiwa imegeuzwa. Kosa lilikuwa langu. Tuliifumua yote jioni ile, tukakaa pamoja chini ya taa, nikashika kidole chake nikakipitisha juu ya kitambaa hadi akasema, "Nimeona, dada, kinabadilika," na hajakosea tena.

Kwa viti, nguvu ya kitambaa huja kabla ya uzuri wake. Kuna kipimo kinachoitwa Martindale, ambapo mashine husugua kitambaa kwa kitambaa cha sufu na kuhesabu mizunguko hadi nyuzi zianze kukatika. Kwa kiti cha kukaliwa kila siku mimi sishuki chini ya mizunguko 25,000, hata mteja akinibembeleza kwa ajili ya kitambaa laini alichokipenda. Namwonyesha kwamba kitambaa hicho laini kinaweza kufunika mto au mgongo wa kiti, mahali ambapo hakisuguliwi sana.

Kuhusu biashara yenyewe nitasema machache. Sampuli ya mita moja inagharimu kuitengeneza, kwa hiyo mteja huilipia, na malipo hayo hutolewa kwenye bei ya kazi pale anapoagiza. Malipo ya nusu hutangulia kabla ya kutia rangi, kwa sababu kitambaa kilichotengenezwa kwa dirisha la mtu mmoja hakiuziki kwa mwingine. Kila kazi ina faili lake: vipimo, kanuni ya rangi kwa gramu, mchoro wa marudio, na kipande cha sentimita 30 kilichobaki, ili miaka ikipita na mtoto akamwaga wino kwenye mto, niweze kuutengeneza upya. Wanaoniletea picha ya kitambaa cha mbunifu mwingine na kunitaka niinakili huwakatalia kwa heshima, kisha nawauliza ni kitu gani hasa walichokipenda ndani yake. Mara nyingi si ua wala mstari. Ni nafasi iliyoachwa kati ya ua na ua, na nafasi haina mwenyewe.

Wiki hii kuna sampuli yangu moja iliyotundikwa kwenye chumba cha kusomea cha mzee mmoja mstaafu. Ni kitani chenye mtande, yaani nyuzi za urefu, wa rangi ya mchanga, na mshindio, yaani nyuzi za kukatisha, wa buluu iliyokolea, bila ua lolote, kwa sababu alinieleza kuwa macho yake huchoka haraka. Siku ya kwanza aliandika, "Nzuri." Siku ya pili, "Nzuri, ila saa kumi jioni inawaka mno." Siku ya nne alinitumia ujumbe mrefu zaidi: amegundua kwamba jua la saa kumi huingia kwa pembeni, likaamsha nyuzi zote za rangi ya mchanga, na ukurasa wa kitabu ukawa mgumu kusomeka, lakini alipoigeuza sampuli upande wa nyuma mwanga ukatulia. Mgongoni mshindio wa buluu ndio unaotawala, na mimi nilikuwa nimeupanga uelekee dirishani. Nimemjibu kwamba upande wa nyuma ndio utakuwa wa mbele, na kesho nitaanza kupanga upya mahali pa pindo.