Siku ya kupeleka barua kwa wadau: siku moja maishani mwa mwalimu wa lishe, Moshi

Saa 12:30 asubuhi. Nafika shuleni mapema kwa sababu makande hayataki haraka. Maharage yamelowekwa tangu jana jioni, wapishi wanawasha jiko. Nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi mjini, na mimi ndiye mwalimu wa afya na lishe, kwa hiyo ufunguo wa stoo ninao mimi. Tunapima mahindi kwa debe, naandika kwenye leja, mpishi anatia sahihi.

Saa 1:30. Mstarini. Wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha, matangazo. Mwalimu wa zamu anawatangazia watoto kwamba barua zao zinapelekwa leo.

Saa 2:40. Kipindi cha Kiswahili, mada ni uandishi wa barua. Badala ya kumwandikia rafiki wa kubuni, kila kikundi kimemwandikia mdau mmoja wa shule. Sharti langu ni moja tu: usiseme asante mpaka umeeleza kitu chake kinafanya nini hapa. Kikundi cha nyuma kimemwandikia mzee wa mashine ya kukoboa mahindi: “Babu, zamani makande yalikuwa na maganda na wengine tulikuwa tunayaacha kwenye sahani. Sasa tunamaliza.” Nimewasahihishia tahajia, maneno nimeyaacha yalivyo.

Tangu 2016 shule zetu hazitozi ada, na serikali hutenga ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Chakula cha mtoto wa kutwa hakimo humo. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 umekiacha kwa wazazi. Wazazi wetu wanachanga mahindi, maharage na hela ya wapishi, na wengi wanajitahidi kweli. Ila wapo ambao mwezi huu hawana, na mtoto wao huwezi kumtoa kwenye foleni ya sahani mbele ya wenzake. Pengo hilo linazibwa na watu wa mtaani ambao hutawaona kwenye taarifa ya habari wameshika hundi ya bango. Wenye hundi tunawahitaji, darasa halijengwi kwa debe la mahindi. Lakini hao hushukuriwa siku hiyohiyo, kwa kipaza sauti. Anayetoa kidogo kila wiki hushukuriwa lini?

Saa 4:00 uji, saa 6:40 makande. Sufuria imerudi tupu.

Saa 8:45 alasiri. Naingia mjini na bahasha zangu. Kwa fundi seremala wa Majengo sikai sana. Anatutengenezea madawati kwa bei ya misumari na mbao tu, na barua ameipachika ukutani hapohapo, juu ya randa. Dada wa duka la vifaa vya ofisi, anayetudurufia mitihani ya majaribio ya darasa la saba, ana wateja, ananipungia mkono tu. Kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani inatulipia maji. Meneja anaomba nakala ya pili awatumie wageni waliochangia.

Kwa mzee wa mashine, pale karibu na Mbuyuni, ndipo ninapokaa. Hukoboa mahindi ya shule bila kututoza hata senti, na umeme wa Luku ni wake. Anazima mota, anapangusa miwani iliyojaa vumbi la pumba, anasoma barua kwa sauti. Anacheka pale penye maganda. Kisha anauliza, “Mwalimu, mnapika kiasi gani kwa siku?” Namfungulia leja. Ile leja ameitazama kuliko barua, anafuata mistari kwa kidole, anaona mahindi yake yalivyoingia na yalivyotoka. “Basi msiniletee Jumatatu,” anasema, “Jumatatu foleni ni kubwa. Leteni Alhamisi, nitawakobolea ya wiki nzima.” Cheti chenye fremu kisingetupa hiyo Alhamisi. Mtu akionyeshwa hesabu ya alichotoa anajua haijapotea, na anaanza kupanga pamoja nanyi.

Saa 10:30 jioni. Kikao cha kamati ya shule. Ajenda kubwa ni ubao wa wadau utakaozinduliwa siku ya mahafali ya darasa la saba. Mjumbe mmoja anataka majina yapangwe kwa ukubwa wa mchango, maana aliyetoa milioni akijiona chini ya muuza mchicha atanuna. Hoja hiyo ina uzito, nimewaona watu wakinuna. Mzee wetu mmoja wa Kibosho anamjibu taratibu. Anakumbusha enzi za KNCU, ushirika wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933. Kwao, anasema, kahawa ilikatwa senti ya kusomesha watoto, mwenye miche michache alikatwa na mwenye shamba alikatwa, na watoto wakakaa dawati moja. Tunabishana hadi adhana ya magharibi inakaribia.

Tumekubaliana: majina kwa alfabeti, kiasi cha fedha kisiandikwe, na mbele ya kila jina kiandikwe kitu alichotoa na kazi yake. Michango ya fedha itaendelea kupita benki na kutolewa risiti, na taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila muhula. Majina hayo siyaweki hapa mtandaoni, wengi wao hawapendi. Atakayefika shuleni atayasoma.

Saa 2:00 usiku. Napiga simu za mwaliko. Fundi atakuja na mkewe. Mzee wa mashine anakubali, ila anaomba ubao uzinduliwe kabla ya saa sita, mchana hawezi kuwaacha wateja. Nampigia mwalimu mkuu tubadilishe ratiba. Mgeni rasmi atahutubia baadaye.