Ndoo ya Maji ya Kuchemsha

Mei 2015 nilikuwa Kagunga kwa Bibi, nimemaliza kidato cha nne na sijajua niende wapi. Kwa asiyepajua, Kagunga ni kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kaskazini mwa Kigoma. Mbele ni Ziwa Tanganyika, nyuma ni mlima, na barabara ya gari siku zile haikuwepo. Ukitaka mjini unapanda boti hadi Kibirizi. Ukipita mlima umeingia Burundi.

Watu wa ng'ambo walikuwa wateja wetu wa dagaa na mawese tangu zamani, na Kiha na Kirundi zinasikilizana. Kwa hiyo walipoanza kushuka mwishoni mwa Aprili, baada ya Rais Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu, wale wa kwanza tuliwachukulia kama watu wa soko. Kilichotushtua ni magodoro kichwani.

Halafu jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei likashindwa, na ufukwe haukuonekana tena mchanga. Ilisemwa wamepita 50,000. Walilala chini ya michikichi, kando ya mitumbwi, kwenye vibaraza. Kwa Bibi, nyumba ya vyumba viwili na choo kimoja, usiku mmoja nilihesabu watu 21. Bibi hakuwahi kuwaita wakimbizi. Alisema "wageni wangu", hata alipokuwa akiwagombeza kwa kumwaga maji uani.

Kisha kipindupindu kikaingia. Majirani wakaanza kufunga milango, na mimi siwezi kuwalaumu maana niliogopa kuliko wao. Kila jioni Bibi alichemsha maji kwa kuni za kutafuta kwa shida, akayamimina kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Jioni moja, alipokwenda kwa jirani, niliisukuma ile ndoo chini ya kitanda, nikaifunika kwa gunia.

Haikupita nusu saa, akaja dada mmoja na kikombe cha plastiki. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyelegea, midomo imekauka hadi imepasuka. Nikamwambia polepole, kama mtu anavyosema na mgeni asiyejua lugha: "Maji yameisha."

Akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mdogo wangu, sihitaji mengi. Nimepewa dawa ya kuharisha, nataka ya kumkorogea mtoto tu." Akanionyesha pakiti, ameishika kwa vidole viwili ili isilowane jasho.

Badala ya kumpa maji, nikamuuliza Kiswahili amejifunzia wapi.

"Nimezaliwa Mtabila."

Bibi alikuwa ameshafika nyuma yangu. Aliingia chumbani, nikasikia ndoo ikiburutwa sakafuni. Akaiweka katikati yetu, akafunua, akasema, "Chukua kata umchotee mwenzio." Hakuniambia neno jingine usiku ule, na ningependa angenikemea.

Mtoto alikunywa kwa kijiko hadi usiku wa manane. Ndipo dada yule akatusimulia. Wazazi wake walikimbilia Kasulu, mkoani Kigoma, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, naye akazaliwa kambini Mtabila. Kiswahili alikipata kwa wauza mahindi. Mwishoni mwa 2012 kambi ikafungwa, wakapandishwa magari kurudi nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Huko akaolewa, akazaa, na sasa alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Bibi.

Mimi nimekua na fahari ya kupokea watu. Shuleni tulijua kwamba Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwaka 1983 kwa ajili hiyo. Tulijua makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kwamba watu zaidi ya 162,000 waliotokana na wimbi la wakimbizi wa Burundi la 1972 walipewa uraia wetu. Fahari hiyo ninayo hadi leo. Lakini Mtabila pia ilikuwa sisi. Nchi iliyompa mahali pa kuzaliwa ndiyo iliyomwambia sasa inatosha, na haikutimia miaka mitatu akaikimbilia tena, kwa sababu hakuwa na nyingine anayoijua.

MV Liemba, ile meli ya Wajerumani ya 1913, ilikuwa ikisomba watu, kama 600 kwa safari. Gati hatukuwa nalo, hivyo ilitia nanga mbali na watu wakapelekwa kwa boti. Kigoma wangepokelewa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi kambi ya Nyarugusu.

Zamu yake ilipofika, mtoto alikuwa ameanza kulia kwa nguvu, na kilio kile kilitufurahisha sote. Bibi alimpa kanga na kidumu cha mawese. Nikambebea mzigo hadi maji yakanifika kiunoni.

"Usihofu, mdogo wangu," akasema akishika ukingo wa boti. "Nyarugusu si mbali na kwetu."

Boti ilikuwa imeshaondoka nilipoelewa kwamba kwetu aliyoitaja ni Mtabila.

Nilimkuta Bibi uani, amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto. Akaninyooshea ndoo bila kugeuka, niisuuze. Mlimani, mstari mwingine wa watu wenye magodoro ulikuwa unashuka.