Eliya Alijifunika Uso

Somo: 1 Wafalme 19:1–21

Wapendwa katika Bwana, mbukwenyi.

Upepo wa kiangazi umerudi Dodoma, ule unaovuma kutoka kusini mashariki na kulala na vumbi lake ndani ya vyombo hata ukifunga milango yote. Wengi wenu mnaujua kwa macho yanayowasha na kwa nguo zinazodai kufuliwa upya zikiwa bado kambani. Mimi huujua kwa shavu la kulia. Huu ni mwaka wa sita tangu nianze kuishi na maumivu ya mshipa wa fahamu wa uso, ambao una matawi matatu: moja huelekea machoni na kwenye paji la uso, la pili shavuni na taya la juu, na la tatu taya la chini. Daktari alinieleza kwamba mara nyingi mshipa wa damu huugandamiza mshipa huo pale unapotokea kwenye shina la ubongo, ukaulia ganda lake taratibu mpaka ukabaki kama waya uliochubuka, na kuanzia hapo mguso mdogo sana unatosha kuleta shoti. Neno hilo ni lake, nami sijapata lililo bora zaidi. Shoti moja huchukua sekunde chache, na ikizidi sana ni dakika mbili, lakini huweza kufuatana na nyingine kumi kabla chai haijapoa. Huamshwa na kunawa uso, kupiga mswaki, kutafuna, kucheka, na upepo.

Mwanzoni nilidhani ni jino, na aliyenitibu alidhani hivyohivyo, hata nikang'olewa magego mawili yaliyokuwa mazima. Mama mkubwa alisema haya ni magonjwa ya siku hizi yanayoletwa na vyakula vya madukani. Kumbe mwaka 1677 John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyekuwa pia tabibu, alikwisha kueleza katika barua zake mateso ya namna hii yaliyompata mke wa balozi wa Uingereza huko Paris. Nilipomsomea jambo hilo, mama mkubwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mama alipona.

Basi wiki hii nimekaa na sura hii ya kumi na tisa kwa sababu ya jambo dogo lililomo katika mstari wa 13, kwamba Eliya alijifunika uso kwa vazi lake kabla ya kutoka kusimama mlangoni pa pango. Najua vema kwamba alijifunika kwa hofu ya Mungu, wala si kwa maumivu, na sitaki kulilazimisha Neno liseme lisilosema. Lakini mtu ambaye kwa miezi mitano ya mwaka hatoki nje bila kuuzungushia uso khanga, ambaye hapandi bodaboda na ambaye kila siku humwomba kondakta afunge dirisha huku abiria wengine wakilalamikia joto, hawezi kuupita mstari huo kwa haraka. Na tena kabla ya hapo imeandikwa kwamba upepo mkali ulipita ukaipasua milima, na Bwana hakuwamo katika upepo ule. Pengine nimeushikilia mstari huo kuliko inavyostahili. Wapo ndugu walioniambia kwa nia njema kwamba Mungu ananisemesha kwa maumivu haya, nami kila niliposikiliza ndani ya maumivu yenyewe sikusikia neno lolote, nilisikia maumivu tu.

Tutazame jinsi Bwana alivyomtendea mtumishi wake. Eliya alikuwa amekimbia vitisho vya malkia Yezebeli, aliyeapa kumwua, akaketi chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani, wala hakumwuliza ametenda dhambi gani ya siri. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na maji, akamwacha alale, kisha akamgusa tena na kumlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mwili ulihudumiwa kwanza. Kwa mtu ambaye kutafuna kwake ni hatari, chakula si jambo la pembeni: katika siku mbaya mimi huishi kwa uji na kwa ugali laini wa uwele, tonge dogo lililochovywa kwenye mlenda, ambalo huteleza lenyewe bila kulisumbua taya. Wageni wa mkoa wetu huucheka mlenda wakiuona unavyovutika kutoka kwenye bakuli. Mimi humshukuru Mungu kwa ajili yake kila ninapoumeza.

Lililo zito kwangu, hata hivyo, ni mazungumzo ya pale Horebu, mlima wa Mungu. Bwana alimwuliza Eliya anafanya nini pale, naye akajibu kwamba ameona wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, kwamba manabii wameuawa, kwamba amebaki peke yake na anatafutwa auawe. Upepo ukapita, tetemeko likapita, moto ukapita, ikaja sauti ndogo ya utulivu. Akaulizwa swali lilelile, naye akatoa jibu lilelile, karibu neno kwa neno, kana kwamba hayo yote hayakumbadilisha chochote. Wala Bwana hakumwambia kwamba amekwisha kulisikia hilo.

Mgonjwa wa siku nyingi anajua ni nini kuwa na jibu moja. Mwaka wa kwanza watu huuliza hali na kusubiri jibu, mwaka wa tatu huuliza huku wakitembea, mwaka wa tano huuliza, "Bado tu?", na wewe unajikuta unasema hujambo ili usiwachoshe. Mimi nilifika mahali pa kumdanganya hata Mungu, nikimshukuru kwa uponyaji ambao sikuwa nao, kwa sababu niliona aibu kurudia ombi la jana na juzi.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kosa ambalo nalisema ili mwingine asilirudie. Dawa ninayotumia, kabamazepini, hutumiwa pia na wenye kifafa, na mtu mmoja alipoiona nyumbani kwangu, habari zikaenea kwamba naanguka. Wengine wakanong'ona kwamba ningefaa kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Baadaye, katika maombi ya kufunga, mhubiri mgeni alituagiza kuacha vidonge kama ushahidi wa imani, nami nikaviacha siku ileile, ingawa nilikwisha kuonywa kwamba dawa hiyo haikatizwi ghafla. Siku ya tatu nililala sakafuni, nikishindwa hata kumeza mate. Siamini kwamba Mungu aliyeoka mkate kwa ajili ya nabii aliyechoka alipendezwa na hilo.

Eliya alipojibu mara ya pili, Yezebeli bado alikuwa hai. Bwana alimpa kazi, akamwambia wamesalia 7,000 wasiopiga magoti mbele ya Baali, akamtajia Elisha mwana wa Shafati. Eliya akaenda, akamkuta analima, akamtupia vazi lake.

Jumapili iliyopita niliketi mahali pangu pa siku zote, penye dirisha lililovunjika kioo. Wakati wa wimbo wa pili bibi mmoja ninayemfahamu kwa sura tu aliinuka kutoka benchi la nyuma, akaniambia, "Sogea mwanangu," akaketi kati yangu na dirisha. Hakuuliza kitu. Alitandaza kitenge chake kwenye bega lililoelekea upepo, akaendelea kuimba.