Kunyoosha pigo la pulu: wiki ya sita

Zoezi langu kuu la kunyoosha pigo kwenye meza ya pulu (mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo) bado ni lile lile, na nililichagua kwa sababu halili sarafu za kufungulia mipira. Mchana, grosari ya mtaani kwetu Tabata ikiwa bado tupu, dada wa kaunta ananiazima mpira mweupe. Nauweka katikati ya upana wa meza, naupiga taratibu hadi ukingo wa mbali, urudi ugonge ncha ya fimbo niliyoiacha palepale. Wiki ya kwanza, kati ya mapigo 20, ulirudi mara 3 tu. Mengine yote ulikuwa ukirudi unakimbilia kulia, maana yake naugonga ubavu wa kulia nikiamini ni katikati.

Nilianza na miguu. Zamani nilikuwa nainama kwanza, halafu ndiyo natafuta mstari. Sasa naona mstari nikiwa wima, naukanyagia mguu wa kulia, wa kushoto unatangulia kidogo pembeni, ndipo nashuka hadi kidevu kiguse fimbo. Nikishashuka sisogei, mstari ukinikataa nanyanyuka na kuanza upya. Hilo peke yake lilinifikisha 9 ilipofika wiki ya tatu.

Hapo nikakwama, karibu siku kumi. Nikaegemeza simu kwenye kiti nyuma yangu nikajirekodi. Kiwiko kimetulia, bega limetulia, lakini sekunde ya kugonga vidole vyote vinakaza. Kiganja kinajikunja kuelekea mwilini, kitako cha fimbo kinaingia kushoto, ncha inakwenda kulia. Niliirudia video ile mara nyingi sana, nikafurahi kweli, maana sasa kosa lilikuwa na sura. Kaka mmoja mchezaji wa siku nyingi alipoiona akasema, "Mdogo wangu, shika kama umeshika kifaranga."

Nyumbani nalaza chupa tupu ya soda juu ya meza ya chakula, napitisha ncha ya fimbo mdomoni mwake, ndani nje, bila kugusa kioo. Mapigo 100 kila usiku. Vidole viwili na gumba ndivyo vinavyobeba. Vilivyobaki vimelala tu.

Jumamosi hii: 14 kati ya 20. Yale 6 yaliyokosea yalikuwa ya mwisho mwisho, paja la kushoto limechoka na kichwa kinanyanyuka mapema. Wiki ijayo nitapiga 10, nipumzike, kisha 10 tena. Baada ya hapo naweka mpira wa pili mezani.