Kumbukumbu ya mradi: sekunde 925 kabla ya mtu kuingia

Imekubali! Leo ni asubuhi ya nne mfululizo mtu wa kwanza kufika kazini anaandika jina na nenosiri, na programu ya uhasibu inamfungulia papo hapo. Wiki tatu nimelala na kuamka na tatizo hili, naliandika lote kabla halijanitoka kichwani.

Mpangilio ni huu: OpenLDAP (seva ya saraka, inayotunza majina na nywila za watumiaji) upande mmoja, programu ya Java upande wa pili, faiawoli (kichujio cha mawasiliano ya mtandao) katikati, poti 389. Mchana kutwa shwari. Asubuhi sasa, wa kwanza akibonyeza kitufe cha kuingia, ukurasa unaganda. Baada ya kama robo saa anaambiwa jina au nenosiri si sahihi. Akijaribu tena, anaingia.

Ujumbe huo ulinilia wiki nzima ya kwanza. Programu ina maneno hayohayo kwa kila hitilafu, seva isipojibu ni hayo, nenosiri likikosewa ni hayo. Nikawabadilishia watu nywila ambazo hazikuwa na kosa lolote. Linaniuma mpaka leo, maana waliamini kwamba wao ndio wanaokosea.

Kilichonitoa huko ni logi ya slapd, yaani ya seva yenyewe ya OpenLDAP. Nenosiri likikosewa kweli, utaona BIND (ombi la kuthibitisha nenosiri) na chini yake RESULT (jibu) yenye err=49. Nikatafuta dakika ya tukio: err=49 hakuna, BIND hakuna, hata SRCH, ombi la kumtafuta mtumiaji, haipo. Ombi lenyewe halikufika.

Basi nikaanza kupima njia, na hapo ndipo nilipozunguka sana. Asubuhi moja ukurasa ukiwa umeganda mbele yangu, nilifungua tamino (dirisha la kuandikia amri) kwenye mashine ileile ya programu nikaendesha ldapsearch, amri ya kutafuta kwenye saraka. Majibu yalirudi kabla sijainua kidole. Nikajaribu nc, amri ya kupima kama poti inaitika, kwenye poti 389: wazi. Nikaapa kwamba mtandao ni mzima na seva ni nzima, ugonjwa uko ndani ya programu. Sivyo. Kila kipimo changu kilikuwa kinafungua muunganisho mpya, na muunganisho mpya haukuwa na shida hata siku moja. Programu ilikuwa inatumia muunganisho wa jana, uliowekwa akiba usiku kucha.

Nikaweka tcpdump, inayonasa pakiti zinazopita, pande zote mbili nikasubiri kukuche. Upande wa programu niliona pakiti moja, namba ileile ya mfuatano, ikitumwa tena na tena: baada ya sekunde 0.2, kisha 0.4, 0.8, 1.6, pengo likizidi kujirudufu mpaka kufika sekunde 120. Upande wa seva, kimya kabisa. Ukiuliza ss, amri inayoorodhesha miunganisho, kila upande unajibu ESTAB (muunganisho upo), yaani kila mmoja anaamini mwenzake yupo. Faiawoli ilikuwa imeshausahau muunganisho ule usiku, na pakiti zilipokuja ikazitupa bila kumrudishia mtumaji RST (pakiti ya kuvunja muunganisho) ajue kwamba njia imekatika. Linux kwa kawaida hurudia mara 15 ndipo ikate tamaa (mpangilio wa tcp_retries2), na jumla yake ni kama sekunde 924.6. Logi ya programu ilisema 925. Nilipoziona namba hizo mbili zimekaa pamoja nilisimama kwenye kiti.

Niseme jambo kuhusu zana. Programu za kuvinjari saraka zenye madirisha ni nzuri kwa kuhariri maingizo, ila kwa ugonjwa wa namna hii sizitaki tena, kwa sababu nyingine zikikatika hujiunganisha upya kimyakimya na dalili unayoitafuta inapotea. ss -tno inakuonyesha saa ya kurudia ikihesabu mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo zana.

Tiba nayo ilinitesa. Niliandika mistari miwili kwenye faili la mipangilio: com.sun.jndi.ldap.read.timeout kwa 5000, na com.sun.jndi.ldap.connect.pool.timeout kwa 600000, ili muunganisho ukikaa bure dakika 10 utolewe kwenye akiba. Kesho yake kuingia kukashindikana vilevile, ila sasa ndani ya sekunde 5. Mstari wa kwanza ulisikilizwa, wa pili ukapuuzwa! Siku mbili nzima nilisaka herufi niliyoikosea, na sikuwa nimekosea herufi. Muda wa kusubiri jibu hupewa kila muunganisho unapoundwa, lakini mipangilio ya akiba ni ya Java nzima, husomwa inapowashwa. Nikauhamishia kwenye amri ya kuwasha, ukiwa na -D mbele. Ukashika.

Ratiba ilisema kinachofuata ni kuhamia poti 636, ambako mawasiliano ya saraka husimbwa kwa TLS na cheti. Sijaigusa, kwa sababu nilitaka kujua faiawoli inasahau baada ya muda gani hasa. Nikaandika skripti fupi: inafungua muunganisho, inalala dakika nilizoipa, kisha inatafuta ingizo moja. Dakika 10, sawa. 60, imekufa. 35, imekufa. 25, sawa. 29, sawa. 31, imekufa. Yaani inasahau kati ya dakika 29 na 31. Na keepalive ya Linux (pakiti ndogo za kuweka muunganisho hai) hungoja sekunde 7200 kabla ya kutuma chochote, kwa hiyo hata ingekuwa imewashwa isingeniokoa.

Katika kusoma mipangilio ya akiba nikakuta kingine kilichonishtua. Java kwa kawaida huweka akiba miunganisho isiyosimbwa tu. Ya TLS haiwekwi mpaka uiagize kwa com.sun.jndi.ldap.connect.pool.protocol. Ningehamia 636 wiki ya kwanza, tatizo lingetoweka lenyewe, nami ningewaambia watu wote kwamba cheti ndicho kilichotibu.

636 itasubiri. Sasa hivi skripti inapima njia ya kwenda seva mbadala ya saraka, inayopita faiawoli nyingine. Nimeipa dakika 45, zimebaki 12.