Neno "salfa" kwenye kadi ya mdogo wangu

Watu wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini, dawa ya zamani ya malaria, kwa jambo moja kuliko yote: kuwashwa. Ulikuwa unaimeza jioni, na kabla hakujapambazuka viganja na nyayo zinawaka, ngozi haina hata kipele kimoja, na Piriton uliyopewa haisaidii kitu. Wengi waliacha dozi katikati kwa kuiogopa adha hiyo, ingawa haikuwa mzio hasa. Kwa hiyo Tanzania Bara ilipoiacha klorokwini mwaka 2001 na kuweka SP (sulfadoksini na pirimethamini), yaani vidonge vitatu vinavyomezwa kwa mara moja, nyumbani kwetu tulishukuru.

Mwaka 2003 mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka 14, alipimwa kwenye zahanati moja, akakutwa na malaria, akapewa vidonge vyake vitatu. Homa ilishuka, akarudi shuleni. Siku ya kumi na moja homa ilirudi, safari hii pamoja na macho mekundu na koo lisilopitisha hata mate, nasi tukadhani ni malaria ileile haijaisha. Kesho yake midomo ilikuwa imevimba na kuchubuka, na kifuani yametokea madoa mekundu yaliyogeuka malengelenge. Hospitalini alihudumiwa kama mtu aliyeungua moto. Ngozi ya mgongo ilikuwa ikigandamana na shuka, na kila asubuhi mama aliilowesha kwa pamba yenye maji ya chumvi, akiibandua shuka kidogo kidogo, bila kusema neno, kwa muda wa karibu saa nzima.

Daktari alituuliza kama mtoto alishawahi kudhurika na dawa yoyote. Hapo ndipo mama alipoikumbuka septrini ya kikohozi, miaka kadhaa nyuma, iliyomtoa vipele mwili mzima. Tulikuwa tukisema "septrini inamkataa" na kuishia hapo, kwa kuwa hatukujua kwamba ndani ya septrini na ndani ya SP zimo dawa za ukoo mmoja, ukoo wa salfa. Nayo SP na dawa za jamii yake ziliuzwa kwa majina mengi. Aliyeonywa asimeze Fansidar angeweza kununua Metakelfin duka la pili, akaikuta salfa humohumo.

Ugonjwa uliompata huitwa Stevens-Johnson. Ni nadra sana kwa anayemeza dozi moja ya tiba. Waliotia hofu zaidi ni wasafiri waliokuwa wakiimeza dawa hiyo kila wiki kama kinga, hata Marekani ikabadili ushauri wake kwao mwaka 1985 baada ya vifo. Tatizo ni kwamba SP hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo anayedhurika nayo hawezi kuiacha kama anavyoacha vidonge vya kila siku, imeshaingia yote. Homa, macho mekundu na vidonda mdomoni, siku chache au hata wiki mbili tatu baada ya dawa ya salfa, ni jambo la kukimbilia hospitali, wala si la kusubiri hadi kesho.

Mdogo wangu alipona, ila macho yake hayatoi machozi ya kutosha mpaka leo, na hatembei bila chupa ya matone kwenye mkoba.

Kwa tiba, SP ilishaipisha dawa mseto tangu mwishoni mwa mwaka 2006, lakini kwenye kliniki ya wajawazito bado inatumika kama kinga, na ina faida kubwa kwa mama na mtoto. Humezwa palepale, mbele ya muuguzi. Mdogo wangu alipokuwa mjamzito alishapewa vidonge na kikombe cha maji mkononi ndipo akasema, "Samahani dada, mimi nina mzio wa salfa." Hakusema septrini, wala hakusema "dawa zile nyeupe." Muuguzi alivirudisha vidonge, akamsisitiza alale ndani ya chandarua na awahi kupima kila apatapo homa, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu ya kadi, kwa herufi kubwa: MZIO – SALFA.